Mdomo wa Sili

Gari la oto likianza kuacha doa jekundu pale linapolala, gereji nyingi siku hizi humaliza shughuli upesi: boliti ya sampu inafunguliwa, oili ya gia inamwagwa, mpya inatiwa, pesa inalipwa. Keroka, mji ulioegemea Kisii kwa upande mmoja na Nyamira kwa upande wa pili, yupo mzee asiyekubali mambo hayo. Kwake yeye, oili ikishatoka ndipo kazi inaanza, kwa kuwa huo ndio wakati wa kuzitazama sili, zile pete za mpira zinazoizuia oili isivuje kando ya shafti.

"Omogaka, wewe nibadilishie tu oili, nina abiria," madereva wa Probox humsihi.

"Kaa kidogo, kijana wangu. Nikishatoa shafti nitakuita uone mwenyewe."

Nami nimekaa hapo mara nyingi kwa sababu ya saa moja anayoitumia kwenye sili. Kwanza huichomoa sili kuukuu kwa bisibisi aliyoikunja ncha, polepole, asije akaukwaruza ukuta wa gia boksi, maana mkwaruzo mmoja hapo ni njia mpya ya oili kupitia. Kisha hupitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa mpira ulipokuwa ukisugua kwa miaka. Huko Tabaka nimewaona wachongaji wakifumba macho na kupitisha kidole juu ya jiwe lililokwisha kupigwa msasa, wakitafuta kasoro ambayo jicho halina uwezo wa kuiona. Mzee huyu hufanya vivyo hivyo. Ukucha ukinasa, anajua kwamba chuma kimelika mfereji, na kwamba sili mpya ikikaa palepale itavuja kama ile ya zamani.

Baada ya hapo huzilinganisha namba za sili mbili, akaupaka mdomo wa ile mpya oili safi ili usizunguke mkavu siku ya kwanza, akaisukuma ndani kwa kipande cha bomba chenye upana uleule wa sili. Hupiga kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikae kwa kina ilichokaa mwenzake, bila kuinama. Shafti inaporudi, huiinua kwa mkono wa pili ili meno yake yasiukate ule mdomo aliotoka kuuhangaikia. Hapo huwa haongei na mtu.

Na sili za magari yetu zina sababu ya kuchoka. Kwa kanuni ya KS 1515:2000, gari kuukuu linaloingizwa Kenya lisizidi umri wa miaka 8. Basi mengi hushushwa Mombasa mpira wake ukiwa umekwisha kula miaka saba. Halafu yanaletwa huku Gusii, kwenye vilima visivyo na mwisho, yakibebeshwa ndizi na watu kupita kiasi. Mwendo wa polepole wenye mzigo ukipanda kuelekea Manga huichemsha oili ndani ya toki konvata, na joto hilo huukausha mpira hadi uwe mgumu kama kucha. Matope ya mvua zetu, ambazo hazikatiki muda mrefu, hukamilisha uharibifu kwa nje.

Wazee wa hapa walianza na Peugeot 404 na 504, gia za mkono, na wengi waliiogopa oto ilipoanza kuenea. Ila sili waliijua. Ile sili ya shafti tunayoitumia leo ilizaliwa katika kiwanda cha ngozi: Walther Simmer aliitengeneza kwa ngozi katika kampuni ya Freudenberg, mjini Weinheim, Ujerumani, kabla ya mpira kuchukua nafasi yake. Inanifurahisha kwamba kitu hiki kilitoka mikononi mwa watu waliojua kuilainisha ngozi ya ng'ombe.

Siku hizi dawa ya kila kitu ni silikoni. Hupakwa kwenye sampu hadi ikafurika ndani, na vipande vyake vikaziba chujio. Wengine hutia kemikali ya kuvimbisha mpira, gari likakauka kwa wiki kadhaa, likauzwa. Wala hawapimi oili iliyotoka. Mzee huimwaga kwenye mtungi wenye alama, akijua kwamba sehemu kubwa imebaki ndani ya konvata, akarudisha kiasi kilekile. Kisha huwasha injini, akaipitisha gia kila hatua, na kusoma kijiti oili ikiwa ya moto. Unga wa chuma ulioganda kwenye sumaku ya sampu humwonyesha mwenye gari kabla ya kuufuta.

Vijana wanasoma umekanika Kisii National Polytechnic, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, inawapima na kuwapa vyeti vya daraja. Hilo ni jema. Lakini ukucha hufundishwa kwa kukaa kando ya mtu, siku baada ya siku, na dereva anayedaiwa pesa ya siku na mwenye Probox hamwachii fundi nafasi ya kukaa na mwanafunzi. Vijana waliokuwa wakimshikia tochi wamekwenda kwenye bodaboda. Vile vipande vya bomba alivikata mwenyewe, kimoja kwa kila aina ya gia boksi aliyowahi kuifungua, na hakuna hata kimoja chenye namba; ni yeye peke yake ajuaye kipi ni cha gari gani, na hajapata wa kumwambia.