Edonga mbele ya hema la wageni

Kwenye tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, na kwenye sherehe nyingine nyingi za Turkana, edonga, dansi ya Waturkana, huchezwa kwa namna ambayo sasa imezoeleka. Mshereheshaji anakiita kikundi, kikundi kinajipanga mstari mbele ya hema la wageni wa heshima, mtoa wimbo anapewa maikrofoni, na baada ya dakika chache kinaambiwa asante. Kule Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapo, kwenye sherehe za kambi ya wakimbizi kama ile ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, wapigaji ngoma wa Burundi wakianza tu uwanja mzima unanyanyuka. Wanaolinganisha husema Warundi wana nguvu zaidi. Mimi naona kosa liko kwenye mpangilio, na linaweza kurekebishwa.

Edonga haina ngoma ya ngozi ya kuibeba. Mdundo wote hutoka mwilini: makofi, koo, na miguu inayotua kwa pamoja. Wanaume na wanawake hufunga duara, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na wanaoingia katikati wanaruka wima. Mwanamume anayemwimba maksai wake kipenzi huinua mikono kuiga pembe zake, na kila mmoja huipinda kwa umbo la pembe za mnyama wake mwenyewe. Watazame wanawake pia. Ushanga uliorundikana shingoni hupanda mwili unapoanza kushuka, kisha hutua muda mfupi baada ya miguu. Jicho linapata mdundo wa pili ambao sikio halikuusikia.

Wanawezaje kutua pamoja bila ngoma? Kwa sababu kila mchezaji anaiona miguu ya aliye ng'ambo ya duara. Duara ndilo linaloongoza mdundo. Ukilivunja ukapanga mstari, kila mtu anabaki na majirani wawili wa kuwakisia kwa pembe ya jicho, na makofi yanaanza kutawanyika. Mtoa wimbo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa amewapa mgongo waitikiaji wake ili awatazame wageni.

Ngoma za Burundi zina muundo mwingine kabisa. Huwa ni idadi ya witiri, zikipangwa nusu duara kuizunguka moja ya katikati, inkiranya, ambayo ndiyo inayotoa amri. Amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika, ibishikizo hufuata inkiranya. UNESCO iliiorodhesha sanaa hii mwaka 2014. Ilikuwa sanaa ya ikulu ya mwami, yaani mfalme, kwa hiyo mkubwa aliyeketi upande mmoja ni sehemu ya muundo wake tangu zamani. Ukiweka hema la wageni mbele yake hujaiharibu. Umeipa ilichokuwa inakisubiri. Tena haihitaji hata spika.

Spika ndizo zinazoimaliza edonga. Maikrofoni moja mdomoni mwa mtoa wimbo inakuza sauti yake na kuacha nje makofi, kiitikio na kishindo cha miguu, yaani karibu muziki wote. Kisha kuna suala la umbali. Katika joto la Lodwar sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 35 kutoka kwa wachezaji, sauti inawarudia ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hotuba si neno. Kwa watu wanaotua kwa jicho na sikio pamoja, hiyo ni kama kuchezeshwa na mtu mwingine, nao hupunguza mwendo ili kumngoja. Fundi mitambo angeziondoa maikrofoni midomoni, aweke mbili au tatu chini pembezoni mwa duara zikielekezwa miguuni, na spika azigeuzie watazamaji peke yao.

Upepo nao usisahauliwe. Turkana hupigwa na upepo wa kusini-mashariki, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya Ziwa Turkana, Marsabit. Maikrofoni isiyo na kofia ya sponji itarekodi upepo tu. Waitikiaji wenye sauti nzito wakae upande upepo unakotoka, usaidie kupeleka sauti kwa watu badala ya kuiteka.

Na kama wachezaji wametandikiwa zulia, litolewe. Ardhi ngumu iliyokanyagwa, au hata jukwaa la mbao, hujibu mguu wenye viatu vya akala. Zulia humeza kishindo chote, kikabaki kivumbi bila sauti.

Duara la wachezaji linataka watazamaji pande zote, na kuketisha watu hivyo si jambo geni Kenya. Ukumbi wa Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971, ulijengwa kwa duara na viti vyake kama 3,500 vinauzunguka uwanja wa wachezaji. Lodwar na Kakuma hazihitaji jengo kama hilo. Inatosha hema la wageni kusogezwa liwe sehemu moja ya mduara wa watazamaji, viti vya mbele viwekwe chini, na wananchi wasizuiliwe kwa kamba upande wa pili. Dakika chache nazo hazitoshi, kwa sababu edonga hupanda polepole na mruko mzuri huja wimbo ukishawaka.

Pale edonga na ngoma za Burundi zinapokuwa kwenye ratiba moja, kama inavyoweza kutokea Kakuma ambako wenyeji na wakimbizi husherehekea pamoja, edonga itangulie. Sikio lililotoka kupigwa na ngoma kumi na tatu halisikii makofi.