Robo Raundi

Spoki ya baiskeli haikatiki kwa kishindo. Hutoa mlio mmoja mkavu, kama kijiti kilichokanyagwa, kisha gurudumu linaanza kuyumba. Mlio huo niliusikia kusini ya Dodoma, kwenye barabara inayokwenda Mtera, saa nne asubuhi. Nilikuwa peke yangu, siku ya kumi na moja tangu Nairobi, nikielekea Cape Town.

Maisha ya mpanda baiskeli wa masafa marefu yanafanana na ya mkulima. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unafunga hema likiwa bado na umande, unakunywa chai na chapati mbili kwa mama lishe wa kwanza atakayekuwa amewasha moto. Unaendesha kabla upepo haujaamka, maana upepo wa Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, ukiamka hauna huruma na mtu. Saa sita unajilaza chini ya mbuyu. Jioni unamtafuta mtendaji wa kijiji, unamwonyesha kitambulisho, unaomba mahali pa kulala. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule. Kisha unahesabu maji. Mimi nilibeba lita sita, na kwenye vipande vikavu hazikubaki.

Wanaokukuta njiani husifia miguu. Na kweli miguu inafanya kazi, lakini miguu peke yake haimfikishi mtu mbali. Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, aliondoka Tripoli mwaka 1931 na baiskeli, akashuka hadi ncha ya kusini ya bara hili, akarudi hadi Algiers mwaka 1936, safari ya takriban kilomita 40,000. Miguu hakukosa. Hata hivyo kuna vipande alivyovikata kwa farasi, kwa ngamia, kwa mtumbwi na kwa kutembea. Baiskeli ina siku zake za kukataa, na siku hiyo unahitaji mikono ya mtu.

Yangu ilikataa jirani na mwembe. Chini ya mwembe palikuwa na benchi, karai la maji ya kutafutia pancha, tairi kuukuu zilizotundikwa matawini, na mzee aliyekuwa anasugua tyubu kwa msasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyuma, upande wa cheni?"

Alikuwa hajainuka. Aliona ringi imevutwa kushoto, ikisugua breki. Ringi huukimbia upande uliopoteza spoki. Kwa hiyo iliyokatika ni ya kulia. Na kulia nyuma ndiko spoki zinakobeba mvuto mkubwa zaidi, kwa sababu meno ya cheni yamechukua nafasi, nazo zinasimama wima kuliko zile za kushoto.

Spoki za akiba nilikuwa nazo. Kifaa cha kufungulia meno ya cheni, ili spoki mpya ipite kwenye tundu lake, nilikiacha nyumbani nikipunguza uzito. Mzee alinisikiliza, akaingiza mkono kwenye kopo la vyuma, akachomoa spoki ndefu ya baiskeli ya Phoenix pamoja na nipeli yake, ile nati inayoishika kwenye ringi. Aliipima kwa jicho kwenye gurudumu langu dogo, akakata kichwa na ziada kwa plaizi. Ncha iliyobaki aliikunja mara mbili, ikawa mfano wa herufi Z. Akailainisha kwa tupa, akaingiza ile ncha kwenye tundu la habu, kitovu cha gurudumu, kwa upande, kama mtu anayetundika koti msumarini. Ikashika. Meno hayakuguswa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Aligeuza baiskeli, magurudumu juu. Akazungusha lile la nyuma taratibu, kipande cha chaki mkononi, mkono umetulia kwenye fremu. Palipochezea, ringi ilijipaka chaki yenyewe. Alisimamisha alama mbele ya macho yake, akashika nipeli kwa spana ndogo: robo raundi kulia, robo raundi kushoto kwa jirani yake. Akafuta. Akazungusha. Alama ikawa fupi. Robo tena. Nilihesabu mara tisa, kisha nikaacha kuhesabu. Hakuna hata mara moja aliyozungusha nusu.

Ringi iliponyooka machoni pangu, yeye aliweka spana chini, akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, zote 36. Ugogo ni nchi ya zeze, na mzee alisikiliza kama anayelikaza zeze kabla ya ngoma. Upande wa kulia zililia juu, ting, ting, ting. Zikaja mbili zilizolia kwa sauti nzito, jirani kabisa na ile iliyokatika.

"Umesikia? Hizi zimelegea siku nyingi. Mara ya mwisho umezigusa lini?"

Sikuwa nimezigusa tangu Nairobi.

"Spoki haikatwi na kukazwa, mwanangu. Inakatwa na kulegea."

Nililitafakari neno lile njia nzima, na hesabu inalikubali. Gurudumu langu lilitembea karibu mita mbili kwa kila mzunguko. Kilomita 100 ni mizunguko karibu 50,000. Katika kila mzunguko, spoki zilizoelekea barabarani hupungukiwa mvuto mzigo unapozipitia, kisha hukaza tena. Iliyokazwa sawasawa hubadilika kidogo tu. Iliyolegea hutikisika, hupinda na kunyooka pale kwenye kiwiko chake karibu na habu, mpaka chuma kinachoka. Mlio niliousikia asubuhi ile ulikuwa mwisho wa jambo lililoanza mamia ya kilomita nyuma, nami nilikuwa nimelikalia.

Alipozisawazisha zile mbili, alizibana spoki mbili mbili kwa viganja, kwa nguvu, gurudumu zima. Zililia krr, zikakaa mahali pake. Akanyoosha upya, robo hapa, robo pale. Kabla ya kurudisha tairi alipitisha vidole ndani yake, akatoa mwiba wa mbigili ambao ulikuwa haujafika kwenye tyubu. Kisha akaniamuru nifunge mizigo yote, niendeshe hadi kisimani na kurudi, maana gurudumu lisilo na mzigo, alisema, halisemi ukweli. Niliporudi aligonga tena zote 36. Moja akaipa robo.

Saa mbili zilikuwa zimepita. Alinidai shilingi 3,000.

Tangu siku hiyo ratiba yangu iliongezewa jambo moja: jioni, baada ya hema na kabla ya ugali, naipindua baiskeli na kuzigonga spoki kwa ukucha. Ile ya Z ilivuka Mtera, ikapanda Iringa, ikatoka Tunduma, ikaikata Zambia kutoka Nakonde. Nilipofika Livingstone ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 2,000 bila kukazwa tena. Jirani zake nilizigusa mara mbili, robo raundi kila mara.