Chemirocha na Mkono Ulioshika Maikrofoni

Kuna wimbo uliorekodiwa Kapkatet, kwa Wakipsigis, mwaka 1950, ambao wapenzi wa muziki wa zamani duniani huutaja kwa heshima, ilhali Wakenya wengi wa umri wetu hukutana nao kwa bahati tu, wakizurura mtandaoni usiku. Unaitwa Chemirocha. Kanda zake ni tatu, na ile ya tatu, ya wasichana, ndiyo maarufu zaidi. Sauti zinapokezana juu ya chepkong, kinanda cha nyuzi ambacho ni kama ndugu mdogo wa nyatiti. Ni kipande kifupi. Kikiisha, utakirudia.

Aliyeshika maikrofoni ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika kwa gari lililobeba mitambo yake. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alitoa santuri zaidi ya 200 katika mfululizo mmoja tu. Kwa kazi hiyo, wacha niseme wazi, namvulia kofia. Bila yeye tungekuwa na kimya.

Lakini santuri haiji peke yake, inakuja na maelezo. Tracey alieleza kwamba Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye Wakipsigis walimsikia kwenye gramafoni. Wasichana, kwa maelezo yake, walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwita aje acheze nao. Hadithi tamu, na ndiyo iliyoupeleka wimbo mbali. Msikilizaji wa London au New York anatabasamu: tazama hawa wasichana, hawakujua gramafoni ni nini!

Mimi nasikia kitu kingine. Nasikia wasanii waliopokea sauti ngeni, wakalipa jina lake matamshi ya nyumbani, wakalitia mwili na miguu, wakaliweka kwenye ngoma yao. Huo si ushamba. Ndiyo kazi ambayo mtunzi yeyote wa Nairobi anafanya leo akichukua mdundo wa Atlanta au Lagos na kuutia Sheng. Tofauti ni kwamba huyu wa leo anaitwa mbunifu.

Kasoro ya pili iko kwenye mashine. Santuri za enzi hizo zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Ngoma ambayo kijijini ingekesha mpaka alfajiri ilibidi ikatwe, na aliyeamua ikatwe wapi ni mtu asiyeijua lugha. Tunachokiita muziki wetu wa asili, kwa hiyo, ni dirisha dogo alilolifungua mgeni kisha akalifunga. Tukiwa wavivu tutaamini dirisha ndilo nyumba.

Kasoro ya tatu naiona vizuri zaidi nikiwa huku Karurumo, upande wa Runyenjes. Tracey alirekodi Kenya mwaka 1950 na 1952. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na kufikia 1954 watu wa Embu, Meru na Kikuyu walikuwa wakisukumwa kwenye vijiji vya lazima. Zilikuwepo nyimbo miaka hiyo, tena kali, za viapo na za msituni. Hizo huimbi mbele ya mzungu mwenye mashine. Muthirigu ilishapigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930, kwa hiyo watu walijua wimbo unaweza kukufunga. Nyimbo za Mau Mau zilibaki vinywani na kwenye vitabu vidogo, hadi Maina wa Kinyatti alipozikusanya na kuzichapisha mwaka 1980. Kwa hiyo unapofungua kumbukumbu ya sauti ya wakati ule, usiulize tu nani anaimba. Uliza nani alinyamaza, na kwa nini.

Kuanzia 2014, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi, studio ya Tabu Osusa, walianza kuzirudisha kanda za Tracey kule zilikotoka, hata Chemirocha ikarudi kwa Wakipsigis. Naipenda kazi hii kuliko santuri zenyewe. Wimbo ukirudi nyumbani, wenye wimbo wanapata nafasi ya kusahihisha maelezo: huyu ni fulani, hili neno halina maana hiyo. Sauti inaacha kuwa ya kabila, inakuwa ya mtu.

Na hapo ndipo sisi tunaingia. Kila Desemba vijana wanapanda matatu kutoka Nairobi, simu mkononi, na shosho akianza kuimba wanarekodi sekunde 30 za TikTok. Juu wanaandika "shosho wa ushago", basi. Jina hakuna, wimbo ni wa shughuli gani hakuna. Ukivuka mto Thuci unaingia Chuka, kwenye ngoma zinazosifika nchi nzima, na huko nako ni vivyo hivyo. Tracey alikatwa na santuri. Sisi tunajikata wenyewe, tukiwa na simu inayoweza kurekodi usiku kucha.

Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka ruhusa ya wenyewe na rejista katika kila kaunti. Sawa, lakini sheria haitamuuliza shosho jina la wimbo. Muulize wewe, kwa Kiembu, hata kama chako kimevunjika. Mwache aimbe mpaka achoke mwenyewe. Kisha kabla ya kurudi jijini, mwachie nakala kwenye simu ya mtu wa hapo nyumbani, na umpigie aisikilize. Pengine atakwambia umekosea wimbo. Rekodi hilo pia.