For Sama: hospitali isiyokuwemo kwenye ramani

Hebu soma sentensi hizi mbili. "Hospitali imebomoka." "Hospitali imebomolewa." Ya kwanza haimgusi mtu, pengine ni mvua, pengine ni uzee wa ukuta. Ya pili inakuacha unauliza: na nani? Swali hilo halijanitoka tangu nitazame For Sama, filamu ya mwaka 2019 ya Waad al-Kateab na Edward Watts.

Waad alirekodi maisha ya Aleppo, Syria, kwa takriban miaka mitano, huku mumewe Hamza, daktari, akiendesha hospitali katika upande uliozingirwa. Yote anamsimulia binti yao mchanga, Sama. Hospitali yao inapigwa mabomu. Wanahamia jengo jingine lenye sifa moja kubwa: halimo kwenye ramani. Hapo niliisimamisha filamu. Kwetu zahanati ikifunguliwa hutundikwa kibao barabarani ili mgonjwa asipotee. Kule kibao ni hatari.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mfumo wa kuorodhesha mashambulizi dhidi ya huduma za afya, ulioanza 2017: tarehe, nchi, aina ya shambulio, waliouawa, waliojeruhiwa. Ni kazi ya lazima. Ila haumtaji mshambuliaji. Yaani unasema "imebomolewa", kisha unaweka nukta pale ambapo sisi tungeendelea na "na".

Filamu inaongeza kitu kingine kabisa. Mjamzito aliyejeruhiwa analetwa, anapasuliwa haraka, mtoto anatoka kimya. Wanamsugua, wanampigapiga. Muda unakwenda, mimi nilikata tamaa kabla yao. Halafu analia! Jedwali huhesabu waliokufa hospitali ilipopigwa. Halina safu ya waliopona kwa sababu hospitali ilikuwepo. Bila safu hiyo hatuwezi kujua hasa kilichobomolewa.

Nina lawama moja. Filamu inarukaruka sana, mara mbele mara nyuma, hadi tarehe zinakuponyoka. Kwa mama anayemsimulia mwanawe, sawa. Kumbukumbu ndivyo ilivyo. Lakini siku ushahidi utakapotakiwa, ataulizwa: lini hasa? Hapo jedwali, pamoja na ukavu wake, litamfaa.

Kwa hiyo itazame, ndugu msomaji. Na kesho ukisoma habari kwamba hospitali fulani "imeharibika" vitani, angalia kitenzi kwanza.