Sikio la Muuzaji

Ukishuka kwenye basi pale Kagongwa, kabla hujaingia Kahama mjini, kinachokupokea ni harufu ya pumba. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri, malori yanapakia, na kando ya barabara kuu, ile inayopeleka mizigo Rwanda na Burundi, wanawake wamekaa nyuma ya mabeseni ya mchele. Mmoja wao nimekuwa nikimtazama akiuza kila nipitapo kwenda Geita. Wenzake humwita Mayu tu, yaani mama kwa Kisukuma, nami nitamwita hivyo hivyo.

Mteja akifika, Mayu hamkimbilii na bei. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?" "Mhola duhu." Salamu zikiisha ndipo anauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa kwenye duka lenye vioo: unakwenda kupika nini?

Jibu ndilo linaloamua mkono wake uelekee wapi. Akisikia ni pilau ya shughuli, anafunua beseni la mchele uliokaa ghalani, kwa kuwa mchele wa siku nyingi unakunywa maji zaidi, unavimba na kuchambuka punje kwa punje. Akisikia ni wali wa nyumbani, na mteja ni mtu wa harufu, anampa supa ya msimu huu na kumwonya mapema apunguze maji, maana mchele mpya hushikana. Akisikia vitumbua, anayafunika mabeseni yote mazuri na kuvuta ndoo ya chenga kutoka nyuma, ile ya bei ya chini kuliko zote. "Utaloweka, utasaga," anasema. "Punje nzima ya nini?"

Fikiria jambo hilo. Mbele yake yuko mtu mwenye fedha mkononi, tayari kununua cha bei kubwa, na yeye anamshusha kwenye cha bei ndogo. Mwenye pupa ataona amepoteza mauzo. Lakini huyo mpika vitumbua atarudi kesho, na keshokutwa, na siku akiozesha binti atakuja kwa Mayu kuchukua gunia zima la pilau bila kupita kwa mwingine.

Kisha anachota punje chache, anazipuliza vumbi, anazimwaga kwenye kiganja cha mteja. "Tafuna." Punje iliyokauka inakatika kwa mlio chini ya jino; yenye unyevu inabonyea tu. Muda wote mteja anapotafuna, Mayu hasemi neno. Anamtazama usoni. Wauzaji wengi ninaowajua wangejaza nafasi ile kwa sifa za mchele wao, na papo hapo mteja angeanza kutia shaka.

Kwenye bei ndipo ustadi wake unaponigusa zaidi. Mteja atalalamika, ni wajibu wake kulalamika. Mayu atasikiliza habari za ada za shule na mvua iliyogoma, kisha atapima kilo kwa bei ile ile aliyoitaja mwanzo, hapunguzi hata shilingi mia. Ndipo mkono unarudi kwenye beseni na kuongeza konzi moja, na kwa mjane au mwenye wageni, konzi mbili. Bei inasikika kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Akiivunja leo, kesho soko zima limevunjika na wenzake wamekula mtaji. Nyongeza ni ya watu wawili. Haiandikwi popote, haina kipimo, na ukubwa wake hutegemea kile alichokisikia kwa huyo aliyesimama mbele yake.

Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliyagawa mambo ya masoko katika mafungu manne: bidhaa, bei, mahali na kutangaza. Vyuo vyetu vinafundisha hivyo mpaka leo, na si uongo. Mayu anayo yote manne kwenye mkeka mmoja. Ila kile kinachoyaunganisha, kusikia kabla ya kusema, sikioni kikitiliwa mkazo kwenye semina ambazo vijana wetu wanapelekwa.

Na Usukuma ni mahali ambapo kazi hii ya kusikiliza ilipaswa kuheshimiwa kuliko popote. Ngoma zetu zenyewe ni shule yake. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikikutana wakati wa tamasha la Bulabo, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Wengine huleta hata chatu. Lakini manju hodari haimbii hewani. Anayasoma macho, na akiona watu wameanza kugeuza mabega, anabadili wimbo kabla hawajaondoka. Mtoto aliyekulia pembeni ya uwanja ule alijua mapema kwamba kelele na mvuto ni vitu viwili.

Tulijua pia, kwa uchungu, maana ya bei isiyo na masikio. Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili mkulima wa pamba alibeba mzigo wake hadi kwenye mizani ya mnunuzi, akasomewa uzito, akatajiwa fedha, akarudi nyumbani na shaka yake. Manung'uniko juu ya mizani ile yaliwafanya wakulima waweke wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 lile shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lililokuja kusifika Afrika nzima. Ushirika huo ulivunjwa mwaka 1976. Ninachotaka kukumbusha ni kidogo: watu wale walikuwa wakidai kuhesabiwa kama upande wa pili wa biashara, wenye haki ya kusema na kujibiwa.

Ukivuka kuingia Geita, sura inabadilika lakini kazi ni ile ile. Kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu, mtazame mama lishe na daftari lake. Wateja wake hawana mshahara. Wana duara, yaani shimo la kuchimba, na duara hutema siku linapotaka lenyewe. Kwa hiyo mama huyu anapakua ugali na samaki leo kwa fedha zitakazotoka ardhini wiki ijayo, au zisizotoka kabisa. Hana benki ya kumwambia nani akopeshwe. Anachofanya ni kusikiliza. Akipita na birika kati ya wachimbaji anasikia timu gani imefika kwenye mwamba mzuri, karasha gani limepelekewa mawe jana, nani ameanza kutafuta nauli ya kurudi kwao. Yote hayo yanaingia kwenye hesabu yake. Bei ya sahani ni moja, kwa mwenye fedha na kwa mwenye deni. Tofauti utaiona kwenye kipande cha samaki. Siku duara likitema, wa kwanza kulipwa ni yeye, mbele ya mwenye baa, na hakuna aliyemlazimisha mtu.

Kwenye dhahabu yenyewe mambo yamenyooka, na nashukuru. Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la madini Geita, Kahama nayo ikapata lake mwaka huo huo. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo aliuza vichakani kwa mtu aliyejua bei ya dunia, yeye asiijue. Sasa karati inapimwa kwa mashine mbele ya macho yake, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vinakatwa wazi, na anaondoka na stakabadhi. Dhahabu inastahili kuuzwa hivyo. Ikishayeyuka na kupimwa, gramu ya Rwamagasa haina tofauti na gramu ya nchi nyingine yoyote, wala haijali anayeinunua ataifanyia nini.

Kinachoniuma ni kwamba sasa tunataka kuuza kila kitu kama dhahabu.

Nenda sokoni Katoro siku ya watu wengi. Zamani si nyingi, ungemsikia muuza vitenge kabla hujamwona. Alikuwa na sauti yake na vituko vyake, na ukisogea alikuuliza: unamchukulia nani? Kijana aliyetoka machimboni na fedha za kwanza za maisha yake alijibu, kwa haya kidogo, kwamba ni vya mama. Mama ana umri gani? Anashona gauni au anajifunga? Huko kwenu wako kwenye sherehe au wametoka kuzika? Na kitenge kilichotoka kilikuwa kile mama angekivaa kanisani, si kile kilichokuwa kimekaa dukani muda mrefu.

Leo pale pale pamewekwa spika ya betri. Mtu mmoja alirekodi sauti mara moja, na sauti hiyo inazunguka asubuhi hadi jioni: chagua, chagua, elfu tano, elfu tano! Mwenye meza ameinamia simu. Yule kijana wa machimboni akija na kusema neno, spika inamfunika. Hawezi kuuliza, na akiuliza hajibiwi, kwa hiyo anachukua kilicho juu na kwenda zake. Spika kumi zikiwa kwenye mtaa mmoja, kila moja inaongezwa sauti ili kuishinda ya jirani, mpaka watu wanapita wameziba masikio.

Siwalaumu vijana peke yao. Wengi ni waajiriwa wa siku, au wamepewa mzigo kwa mali kauli na tajiri wasiyemwona, na bei imepangwa mahali pengine. Mtu asiye na ruhusa ya kuongeza hata konzi atasikiliza nini, na akishasikia afanye nini? Msichana aliyekaa pembeni ya Mayu kwa misimu kadhaa, akipepeta na kufunga mifuko, aliokota kazi bila kuambiwa. Anayekabidhiwa spika asubuhi anafundishwa namna ya kuichaji.

Mchele nao umeanza kuumia, na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Shinyanga inazo chapa zenye kiwanda na mwenyewe. Vinywaji vya Jambo, kwa mfano, mtoto yeyote wa mjini anavijua, na jina hilo lina mtu wa kulilinda. Jina la mchele wa Kahama halina mwenyewe. Halikubuniwa na kampuni wala kulipiwa tangazo. Limejengwa na maelfu ya viganja vilivyomwagiwa punje na kuambiwa tafuna, na lolote mmoja atakalofanya linawaangukia wote. Mchele aina ya saro ni halali, unazaa sana, una wapenzi wake. Kuufukia ndani ya gunia la supa na kuliandika supa ni wizi. Unafanyika kwa sababu gunia lile litafunguliwa Dar es Salaam, na mtu ambaye hatamwona muuzaji, wala muuzaji hatasikia alichosema alipofunua sufuria.

Nimewaona wafungashaji wapya wakija na mifuko inayong'aa, picha ya shamba la kijani upande mmoja na namba ya simu upande wa pili. Ni hatua nzuri. Mfuko unaeleza uzito, unazuia vumbi, unapita kwenye duka kubwa. Nimesoma kadhaa mbele na nyuma nikitafuta kama mchele uliomo ni wa zamani au wa msimu huu, niupe maji kiasi gani. Nimekuta neno bora, nimekuta neno safi, nimekuta neno asilia.

Kuna fedha za mafunzo ya wajasiriamali katika mikoa hii, na watoaji mafunzo hutoka mbali, hulala Kahama, hupita Kagongwa kwenye magari yenye vioo vimefungwa. Sijasikia bado hata mmoja aliyesimamisha gari akamwomba Mayu aje akae mbele ya darasa na beseni lake.