Hiace ya mzigo: soma namba ya modeli kwanza

Tangazo la Hiace iliyotumika Japani hutanguliza mwaka, kilomita na picha ya bodi inayong'aa. Habari nzito zaidi huwa imejificha kwenye herufi na tarakimu chache: TRH200V, KDH201V, TRH221K. Fundi wa sola au wa pampu za visima, ambaye leo yuko Dar es Salaam na kesho yuko njiani kwenda Songea na shehena ya betri, kisha usiku analala humo humo ndani ya gari, aanze na namba hiyo.

Japani huyapanga magari kwa madaraja. Gari dogo la mizigo halizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2.0, na likiwa la petroli injini yake haivuki cc 2000. La dizeli halina kikomo cha injini. Ndiyo maana Hiace ya kawaida ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 ina urefu wa milimita 4,695, upana wa 1,695 na kimo cha 1,980. Bodi imekatwa kwa kipimo cha sheria, na ndiyo maana TRH200V yenye bodi hiyo ilipewa petroli ya lita 2.0. Injini hiyo ni rahisi kuitunza na ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, lakini ukiipa mzigo wa karibu tani moja mlima Kitonga, ulio kwenye njia hiyo ya Songea, utaupanda kwa gia ndogo muda mrefu. Petroli ya 2.7 ipo, ila huja na bodi pana.

Upana wa bodi una maana kwa anayelala garini. Ndani ya bodi ya kawaida sakafu ina urefu wa karibu mita tatu, lakini upana ni mita moja na nusu tu, na kimo ni mita 1.3. Utalala kwa urefu wa gari, na vifaa vyote vitabanana upande mmoja. TRH221K, ile pana na ndefu yenye paa la juu, ina upana wa ndani wa mita 1.7 na kimo cha mita 1.6 na kidogo. Mtu mfupi analala kwa kukingama, na nusu ya mbele inabaki kuwa stoo. Gharama yake ni kuegesha: mita 5.38 Kariakoo ni adha ya kila siku.

Kati ya hizo mbili imesimama KDH201V, bodi ya kawaida yenye dizeli ya lita 3.0. Kwa nguvu na ulaji wa mafuta ndiyo ninayoipenda kwa safari ndefu zenye mzigo, na ndiyo pia inayotaka mnunuzi makini. Nozeli zake hukaa juu ya washa za shaba. Washa zikichoka, gesi ya mwako hupenya na kuingia kwenye oili, na oili hugeuka kuwa masizi mazito kama lami. Masizi yakishuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huziba chujio la kunyonyea oili. Presha hushuka na injini hufa, pengine ikiwa bado na kilomita chache kwenye dashibodi. Karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani hueleza mikwaruzo, kutu na matengenezo ya ajali. Sampu haifunguliwi mnadani.

Matoleo mengi ya 3.0 ya soko la Japani yana pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Lilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kwa miaka mingi kiwango cha Afrika Mashariki kiliruhusu hadi 50. Gari la safari ndefu hupata joto la kuyachoma masizi hayo, lakini la foleni za mjini huziba mapema.

Kuhusu 4WD, ambayo kwa dizeli hii ni KDH206V, tazama uvungu kabla ya kufurahi. Nyingi zilinunuliwa na watu wa mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na kutu huanzia kwenye fremu, mabomba ya breki na springi za nyuma. Omba picha za chini. Muuzaji akikataa kuzitoa, achana na gari hilo.

Toleo la DX, lenye kuta za bati tupu, linamfaa fundi kuliko Super GL yenye zulia na viti laini. Bei yake huwa chini, na unafunga rafu zako bila kubomoa kitu.

Mwaka nao una hesabu yake. Kenya haipokei gari lililotumika zaidi ya miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu. Mwenye fedha za kutosha tu kwa 3.0 ya miaka yake ya mwisho, bila akiba, ni afadhali ashuke mwaka mmoja au miwili pale sheria inaporuhusu. Akiba hiyo itamlipa fundi kushusha sampu, kubadilisha washa za shaba na kukagua tarehe ya mkanda wa taimingi, na kazi hiyo ifanyike Dar es Salaam kabla ya safari ya kwanza ya kwenda bara.