Chaki ya Mwalimu Akoto

Februari 2018, katika shule ya Betenase nchini Ghana, mwalimu Richard Appiah Akoto alisimama mbele ya ubao mweusi akachora dirisha zima la programu ya Microsoft Word. Kwa chaki za rangi alipanga menyu juu, vitufe vya maandishi chini yake, rula ya pambizo, kisha karatasi tupu katikati. Wanafunzi waliinamia madaftari wakinakili mstari kwa mstari. Shule haikuwa na kompyuta, lakini mtihani wa taifa wa TEHAMA ulikuwa palepale.

Picha zake zilienea duniani kote. Mwezi uliofuata kampuni ya Microsoft ikamwalika Singapore, na kompyuta za msaada zikaanza kufika shuleni. Wengi waliotazama picha zile waliuona umaskini wakasikitika. Mkono uliochora ulisifiwa kidogo mno. Mtu hawezi kuchora dirisha lile kwa chaki mpaka awe amelibeba kichwani, kila kitufe na mahali pake, kama mchonga milango wa Lamu anavyolibeba ua lake kabla patasi haijagusa mbao. Ualimu wa kompyuta ni kazi ya mikono na macho, nao ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwanzo mmojawapo ulikuwa 1967 huko Massachusetts. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni Logo, lugha ya kuandikia programu iliyokusudiwa watoto. Baadaye akaongezwa kobe wa kuchorea, anayeacha mstari anakopita na kutii amri: nenda mbele, geuka kulia. Mtoto humwamuru mbele hatua 100, kulia nyuzi 90, mara nne, na mraba unatokea.

Kisha mtoto huyohuyo anataka pembetatu. Darasani alifundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu ya pande sawa ni nyuzi 60, basi anaandika 60, mara tatu. Kobe anatembea anaishia mbali, umbo liko wazi kama bakuli lililopasuka. Mwalimu mwenye haraka atamwambia aandike 120, na kipindi kitaendelea. Mwalimu aliyeiva humtoa nje, akachora pembetatu kubwa uwanjani, akamwambia: tembea juu ya mstari. Mtoto anatembea. Akifika penye kona, mwili wenyewe unamshtua, maana inambidi ageuke sana, karibu kurudi alikotoka. Hapo anang'amua kwamba zile 60 ziko ndani ya umbo, ilhali mguu hugeuka kwa nje. Muda wote huo mwalimu amesimama pembeni na chaki yake, hasemi neno. Ukimya wa namna hiyo hauji ndani ya boksi la kompyuta.

Kutoka kwa kobe yule mpaka kwenye simu ya mkononi si mbali. Hal Abelson, aliyefanya kazi na Logo miaka mingi, ndiye aliyeongoza App Inventor, iliyofunguliwa kwa umma 2010, ambamo mwanafunzi huunda apu kwa kuunganisha vipande vya rangi. Lakini walimu mahiri huchelewesha vipande hivyo kwa makusudi. Kwanza karatasi. Kila ukurasa wa daftari uliochanwa huwa sura moja ya simu, na mwanafunzi mmoja huwa ndiye simu: mwenzake akigusa kitufe kilichochorwa kwa penseli, yeye hubadilisha ukurasa. Kwenye karatasi kosa hufutwa kwa raba, na maswali mazito huulizwa mapema. Nani atabonyeza hapa? Atakuwa wapi, na nani atakuwa amesimama nyuma yake?

Swali la mwisho halikuwa la kubahatisha kwa wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, nchini Kenya. Mwaka 2017 walifika fainali za mashindano ya apu ya Technovation huko California na apu yao, i-Cut, ya kumsaidia msichana anayekabiliwa na ukeketaji kuomba msaada na kutoa taarifa. Msichana wa namna hiyo hana muda wa kutafuta kitufe.

Kenya hiyohiyo, tangu 2016, imegawa vishikwambi zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi, na 2022 ikaidhinisha mtaala wa kodingi. Scratch, programu ya chuo cha MIT ya kuwafundisha watoto kodingi, iliyotoka 2007, ina Kiswahili ndani yake, hata mtoto wa Kilifi au Tanga anaweza kumwamuru paka wa kwenye skrini kwa lugha ya nyumbani. Vyombo vipo basi, walau kwa wengine. Ila viko vishikwambi vilivyolala kabatini mpaka betri zikafa, kwa sababu aliyekabidhiwa ufunguo aliogopa kuviharibu.

Mwanagenzi wa useremala hukaa na fundi wake miaka, akishika randa, akikosea, akisahihishwa. Mwalimu huyu mwenye ufunguo wa kabati amepewa semina fupi na cheti. Jumatatu asubuhi darasa limejaa, kobe amegoma kufunga pembetatu, na katika shule nzima hakuna wa kumuuliza. Anavikusanya vishikwambi, anavihesabu, anafunga kabati.